Kujipima kwa Koti la Ngozi

Yako mavazi ambayo mtu aweza kuyaagiza kwa kukisia, na yakimbana fundi akayafumua na kuyapanua. Koti la ngozi si miongoni mwao. Nataka kueleza namna ya kujipima kwa koti hilo, nami nasema kama mtu aliyejifunza kwa hasara, tena hasara ya fedha isiyokuwa yake.

Kwetu ni karibu na Kabale, katika milima ya kusini-magharibi ya Uganda, mahali palipoinuka zaidi ya meta 1,800 juu ya bahari. Asubuhi baridi huuma. Kaka yangu ni mwendesha bodaboda, na ndiye aliyekuwa akinipeleka shule alfajiri. Mwezi wa Mei 2023, nilipokuwa kidato cha nne, aliniambia, "Mdogo wangu, nimeweka akiba kidogo. Agiza koti la ngozi, maana nyuma yangu unatetemeka mpaka pikipiki inatikisika." Fundi alikuwa Kampala, yapata kilometa 400 kutoka kwetu, kwa hiyo ilinipasa nijipime mwenyewe na kumpelekea vipimo kwa simu.

Nilijifungia chumbani, nikavua shati, nikavuta pumzi ndani na kuikaza futi ya fundi mpaka ikaniachia alama. Nilitaka kuonekana mwembamba. Nikaandika: kifua inchi 36. Koti lilipofika, zipu haikupanda hata nusu, na nilipoinyosha mikono mbele, mikono ya koti ilirudi karibu na viwiko.

Tulimpigia fundi simu. Alituambia kwa upole kwamba kitambaa kikifumuliwa, matundu ya sindano hujifunga, lakini katika ngozi matundu hubaki daima. Tena hakuacha ngozi ya ziada ndani ya mshono. Koti tukaliuza kwa nusu ya bei. Kaka hakunigombeza hata neno moja. Ila mwezi wa Juni na Julai nilimwona akitoka kila alfajiri na sweta lake la zamani lililotoboka viwiko, ndipo nikatambua kwamba yeye mwenyewe hakuwa na koti, na akiba ile aliitoa kwa ajili yangu.

Basi, jinsi ya kujipima ni hivi. Kwanza, vaa shati utakalolivaa ndani ya koti, usimame wima bila kujitutumua, upumue kama kawaida. Tafuta mtu akusaidie, maana mgongo wako huuoni.

Kifua: futi ipite chini ya makwapa, mahali kifua kilipo kipana zaidi, iwe sawasawa mbele na nyuma. Mikono ishuke. Kidole kimoja kiweze kupita chini ya futi.

Mabega: pima mgongoni, kutoka ncha ya mfupa wa bega moja hata ncha ya bega la pili. Hapa usikosee, maana mshono wa bega ukishuka au ukipanda, koti zima huharibika.

Mkono: anza kwenye ncha ile ile ya bega, pitisha futi juu ya kiwiko kilichokunjwa kidogo, ufike kwenye mfupa wa kifundo cha mkono. Ukipima mkono ulionyooka, koti litakuwa fupi kila unapoukunja. Pima pia unene wa mkono juu ya kiwiko.

Mgongo: toka mfupa unaojitokeza chini ya shingo, ushuke mpaka penye mkanda wa suruali. Mwisho pima tumbo, nalo usilifiche. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Vipimo hivyo vyote ni vya mwili, wala si vya koti. Hili ndilo kosa langu la pili. Kwa kawaida mafundi huongeza inchi 3 au 4 kwenye kifua ili mtu apumue na kujigeuza, na zaidi kidogo kwa mtu anayevaa sweta ndani. Mimi sikumweleza, naye akadhani 36 ni kipimo cha koti lenyewe. Hapana budi kuandika wazi: "Huu ni mwili." Andika pia kama ni inchi au sentimeta, maana inchi 1 ni sentimeta 2.54.

Ukiwa na koti lolote linalokufaa, litandaze mezani, ulifunge, upime kutoka kwapa hata kwapa, kisha uzidishe kwa mbili. Ukipata 20, koti lile lina inchi 40. Mpelekee fundi hesabu hiyo pia, naye atailinganisha na ile ya mwili.

Mwendesha pikipiki ana mahitaji yake. Mwaka 1928 Irving Schott wa New York alitengeneza koti la pikipiki lenye zipu mahali pa vifungo, na makoti ya namna ile huwa na zipu inayopita upande, ili ngozi ya mbele ipandane na kuzuia upepo. Mwendeshaji huinama na kunyosha mikono, kwa hiyo yafaa aongezewe kama inchi moja kwenye mikono, na mgongo uwe mrefu kidogo kuliko mbele. Asijipime akiwa amesimama tu, bali akae pia juu ya pikipiki na kushika usukani.

Baada ya mtihani wa mwisho wa mwaka ule nilifanya kibarua cha kulima viazi mpaka Januari. Nikampima kaka mara mbili, amesimama na ameketi juu ya pikipiki yake. Kifua kilikuwa inchi 37, nami nikaandika 37, mwili. Koti likaja. Alifunga zipu mpaka shingoni, akashika usukani, akatazama vifundo vya mikono yake vilivyofunikwa. Akasema, "Sasa panda, nikupeleke."

Ndugu zangu, ngozi haisamehe, na futi husema kweli kwa anayeiacha iseme. Mkiagiza koti, pelekeni mwili mlio nao, si ule mnaoutamani.