Dania ya dirishani yaepusha hasara ya mpakani

NAMANGA. Upande wa Kenya huitwa dania, upande wa Tanzania giligilani au kotmiri; pande zote mbili hunyauka upesi. Fungu likikaa juani kusubiri ukaguzi, bei yake hushuka kabla ya kufika sokoni.

Kwa mama lishe au muuza mboga aliyepanga chumba, dawa ni kuotesha kidogo karibu na wateja. Kopo lililotobolewa chini, udongo wenye mboji na dirisha linalopata jua kwa saa 5 hivi kila siku vinatosha. Mbegu hupasuliwa vipande viwili na kulowekwa usiku mmoja; huchipua ndani ya wiki 1 hadi 2. Baada ya wiki 5 hivi, majani ya nje hukatwa na ya katikati huachwa yaendelee kukua. Maji yakizidi, mizizi huoza.

Makopo yasivushwe kiholela. Utaratibu rahisi wa forodha wa Afrika Mashariki, kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000, hupunguza makaratasi lakini hauondoi masharti ya afya ya mimea, na udongo ndio hushukiwa zaidi kubeba magonjwa. Ni nafuu kuotesha upande uleule utakaouzia.