Zahanati Yetu Tuipime Wenyewe



Katika shamba moja la chai nililofanya kazi, mchumaji mwenzetu alimpeleka mtoto wake zahanati alfajiri, mwili una moto kama jiko. Mganga hakuwapo. Alifika saa tano, hakumpima joto wala damu, akatoa vidonge. Usiku ule degedege likamshika mtoto, tukamkimbiza hospitali kwa baiskeli. Alipona kwa rehema za Mungu. Tulipolalamika, meneja alituuliza neno moja: "Mganga hukosekana mara ngapi?" Tulinyamaza. Hatukuwa tumehesabu.

Hapa Uganda wako waliohesabu. Mwaka 2004 ulianza mpango katika vituo vya afya 50 vya vijijini, katika wilaya 9. Wananchi waliulizwa habari za matibabu yao. Kwa vituo 25, majibu yaliandikwa kama ripoti ya mtoto wa shule. Wanakijiji walikutana, watumishi wa kituo wakakutana peke yao, kisha wote wakaketi pamoja na kukubaliana nini kibadilike. Vituo 25 vilivyobaki viliachwa vivyo hivyo ili kulinganisha.

Baada ya mwaka mmoja, penye mikutano watumishi walikosekana kazini mara chache zaidi, na wagonjwa waliokuja kutibiwa walizidi kwa asilimia 20. Vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilikuwa pungufu kwa asilimia 33 kuliko kwingine. Wala vituo hivyo havikupewa fedha nyingi kuliko wenzao.

Lakini tusidanganyane. Mpango wa namna hiyo ulijaribiwa tena kati ya 2014 na 2016, safari hii katika vituo 376. Matibabu yalikuwa bora kidogo na wagonjwa waliridhika zaidi, ila vifo vya watoto havikuonekana kupungua. Basi karatasi peke yake haitibu mtu. Kupima ni mwanzo wa kazi, si mwisho wake.

Kila tawi linunue daftari moja. Mjumbe aandike mambo manne: Mganga alikuwapo saa ya kufungua? Mgonjwa alingoja muda gani? Alipimwa kabla ya kupewa dawa? Dawa gani ilikosekana, na kwa siku ngapi? Majina ya wagonjwa na magonjwa yao yasiandikwe, hiyo ni siri ya mtu.

Mwezi ukiisha, tuanze kwa kuketi na mganga. Naye ni mfanyakazi kama sisi. Huenda siku anazokosekana ametumwa mjini kufuata dawa, au yuko peke yake kwa kazi ya watu watatu. Yaliyo katika uwezo wake tukubaliane naye. Yanayohitaji fedha, tuyapeleke kwa mwajiri pamoja naye.

Siku meneja atakapouliza tena "mara ngapi?", tusinyamaze. Tufungue daftari.