Ukiumia kazini, usimfiche daktari

KILA siku alfajiri, maelfu ya wakazi wa Pipeline hutoka katika nyumba zao za ghorofa na kushika njia kuelekea Eneo la Viwanda na barabara ya Mombasa. Wengi ni vibarua wa viwandani na wa mjengo. Mikono yao miwili ndiyo mtaji wao wote. Je, msomaji, mashine ikikukata vidole leo, nani atalipia matibabu? Watoto watakula nini wakati jeraha linapona?

Wengi hujibu kwamba watafanya harambee. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008, inasema vingine. Mzigo huo ni wa mwajiri, na anatakiwa kuwakatia wafanyakazi wake bima. Hata akipuuza bima, deni la fidia linabaki kuwa lake. Kibarua anayelipwa ujira analindwa, hata mwanagenzi. Anayejiajiri, kama vile mchuuzi wa barabarani, hayumo.

Uongo wa mlangoni

Tatizo tunaloliona sana katika kliniki ni hili. Mgonjwa huletwa na mnyapara, mkono umefungwa kitambaa, na njiani ameshaambiwa: "Sema umeanguka nyumbani." Naye kwa kuogopa kufutwa kazi, hutii. Daktari huandika anachoambiwa. Miezi baadaye, vidole vikikataa kukunjika, karatasi ya kwanza ya hospitali ndiyo inayomkana.

Tena jeraha la mkono ni danganyifu. Ngozi inaweza kushonwa ikapona vizuri, kumbe ndani mshipa wa fahamu au kano ya kukunja kidole imekatika. Kwa hivyo tueleze ukweli: ulikuwa wapi, saa ngapi, mashine gani. Kisha omba nakala ya maandishi hayo. Usikubali pia matibabu yatolewe kimyakimya kwenye SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, huku mwajiri akinyamaza. Gharama za matibabu, dawa, usafiri na hata viungo bandia ni juu yake.

Unastahili nini?

Ukishindwa kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi, unastahili malipo ya vipindi yanayolingana na mapato yako, kwa muda usiozidi miezi 12. Ukibaki na ulemavu wa kudumu, hesabu hutokana na mapato ya miezi 96. Tuseme unapata Sh15,000 kwa mwezi na daktari amekadiria ulemavu wa asilimia 10. Miezi 96 ni Sh1,440,000. Asilimia 10 yake ni Sh144,000. Hizo si hela za kubadilishana na soda na nauli ya kurudi nyumbani.

Hatua za kufuata

Mjulishe mwajiri mara moja, kwa mdomo au kwa maandishi. Maandishi ni bora. Weka majina ya walioshuhudia. Mwajiri ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Akikawia, nenda mwenyewe katika ofisi za idara hiyo, Safety House, Commercial Street, si mbali na viwanda vyenyewe. Dai liwasilishwe kabla ya miezi 12 kupita, na likishawasilishwa linapaswa kulipwa katika siku 90.

Fomu ya DOSH/WIBA 1 ina sehemu inayojazwa na daktari. Ripoti mapema, lakini usiharakishe ukadiriaji wa ulemavu kabla kidonda hakijapona, maana hapo hasara yote haijaonekana.

Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kupinga, kisha unaweza kukata rufaa katika mahakama ya kazi. Usianzie mahakamani: Mahakama ya Juu iliamua Desemba 3, 2019 kwamba sheria hii ni halali, na madai huanzia kwa Mkurugenzi.

Ukiwekewa karatasi ya kutia sahihi ukiwa bado na bandeji, isome kwanza, au umtafute wa kukusomea. Kidole kilichokatika hakioti tena.