Kidani cha Fès, Kigeuze Kwanza

Ukiwekewa mbele kidani cha kale cha dhahabu kutoka Fès, Moroko, kigeuze kabla hujakisifia. Uso ulitengenezwa upendeze. Ufundi, na mikono ambayo kidani kimepitia, huonekana mgongoni.

Dhahabu ya namna hii ilikuwa ya wanawake wa mjini: Fès, Tétouan, Rabat. Wanawake wa Kiamazigh milimani walivaa fedha. Hata enameli mashuhuri ya Beni Yenni huko Algeria, ya buluu, kijani na manjano kandokando ya marijani, imekaa juu ya fedha. Mjini masonara wengi walikuwa Wayahudi. Mtaa wao wa Mellah ulianzishwa Fès mwaka 1438, na baada ya 1492 wakaongezeka waliofukuzwa Hispania, ambako mafundi wa Granada walikwisha kuimudu enameli ya dhahabu. Kwa nini Wayahudi? Sababu inayotajwa mara nyingi ni riba: dhahabu kwa dhahabu uzito uwe sawa, na Waislamu wengi waliona shaka kutoza ufundi juu ya uzito huo.

Enameli yenyewe si rangi ya kupaka. Ni unga wa kioo uliotiwa oksidi za madini, kobalti kwa buluu, shaba kwa kijani, ukajazwa kwenye vijumba vilivyozungushiwa waya wa dhahabu, kisha ukapelekwa tanuruni. Huyeyuka kwenye nyuzi 700 hadi 850 hivi. Dhahabu safi huhitaji nyuzi 1,064, lakini lehemu inayoshika waya hizo huyeyuka mapema zaidi, basi nafasi ya fundi ni finyu: moto ukizidi kidogo tu, kazi yote inalegea. Tena kioo kikishapoa hakikunjiki. Tazama taji la bibi harusi: ni vibao vilivyoungwa kwa bawaba, lipate kuzunguka paji la uso bila kibao hata kimoja kupinda.

Sasa chukua kioo cha kukuzia, utafute mahali enameli ilipomeguka. Ya kweli humeguka kama chupa, kingo kali, zinang'aa. Ya bandia, ya plastiki, huzamiwa na ncha ya sindano. (Muombe mwenye duka ruhusa kwanza.)

Vito navyo visikutie wasiwasi upesi. Zumaridi halisi huweza kukaa jirani na kioo cha kijani katika kidani kilekile, wala si utapeli. Kilichotafutwa ni rangi. Vingi vimezibwa nyuma, na chini yake pamewekwa bamba jembamba la kurudisha mwanga. Maji yakipenya humo jiwe hufifia, kwa hiyo usikiloweke. Kitambaa kikavu kinatosha.

Adui mkubwa wa vidani hivi ni mizani. Anayenunua dhahabu ili aiyeyushe hukata uzito wa vito na enameli, kwake hizo ni takataka. Mtindo ulipobadilika, vidani vingi vya akina bibi viliishia chunguni mwa sonara, vikatoka bangili mpya.

Vilivyosalia vingi vimetengenezwa upya mahali fulani, na hapo ndipo mgongo unaposema. Kwa kuwa moto mkali hupasua enameli, mafundi wavivu waliunga kwa risasi na bati. Ukikuta matone ya kijivu karibu na bawaba, punguza bei. Usimruhusu fundi mwingine apitishe moto hapo kabla risasi yote haijakwanguliwa, maana ikipata joto huila dhahabu na kuacha vishimo visivyozibika.