Saruji ya Magnesiamu: Tulichunguze Jiwe, Siyo Tanuri Peke Yake

Mfuko wa saruji unaofika Matamba, wilayani Makete, hupanda mlima kutoka Chimala kwa barabara ya kona 57. Mwananchi anayejenga darasa hulipia saruji, na hulipia kila kona. Kwa hiyo suala la saruji si la wataalamu peke yao.

Saruji ya kawaida hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa na udongo katika joto la nyuzi 1,450 hivi. Hewa ya ukaa hutoka katika makaa yanayowaka na hutoka pia ndani ya jiwe: tani moja ya jiwe safi la chokaa hutoa kilo 440. Viwanda vya saruji duniani hutoa karibu asilimia 8 ya hewa hiyo itokanayo na kazi za binadamu.

Sasa tunaambiwa dawa ni saruji ya magnesiamu, iliyobuniwa na Mfaransa Stanislas Sorel mwaka 1867. Ni kweli kwamba jiwe lake, magnesaiti, huiva kwa nyuzi 700 hadi 800 tu. Lakini tani moja ya magnesaiti safi hutoa kilo 520 za hewa ya ukaa, kuliko hata chokaa! Isitoshe, saruji ya Sorel hudhoofishwa na maji, na chumvi yake hula nondo. Haifai kwa ukuta unaopigwa na mvua za Makete.

Je, tuitupe? Hapana. Ipo miamba ya silikati ya magnesiamu ambayo haina ukaa ndani yake, na magnesia inayotokana nayo huweza kunyonya hewa ya ukaa inapokuwa ngumu. Ugumu uliobaki ni kuipasua miamba hiyo kwa nishati ndogo. Kampuni ya Novacem, iliyotokana na chuo cha Imperial College, London, ilijaribu njia hii. Fedha zilipokwisha, ujuzi wake uliuzwa kwa Calix ya Australia mwaka 2012. Ujuzi uliozaliwa chuoni uliishia sokoni.

Tanzania ina magnesaiti Chambogo, wilayani Same, na miamba ya silikati hizo Haneti, Dodoma. Malighafi bila ujuzi ni mawe tu. Basi majukumu yetu ni mawili:

(a) Vyuo vyetu viifanyie utafiti miamba hiyo sasa, kabla hatujauziwa ujuzi wa wengine.

(b) Wakati tukisubiri, tupunguze klinka kwa kuchanganya majivu ya volkano, ambayo Rungwe inayo.

Kada akiletewa saruji mpya aulize kwanza: imetoka katika jiwe gani?