Kufunga Pikipiki Katika Feri: Maelezo kwa Msafiri wa Bara

Watu wa Moiben, katika nchi ya Uasin Gishu, si watu wa vyombo vya majini. Nchi yao ni ya ngano na mahindi, nayo iko juu zaidi ya meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mito yao huvukwa kwa daraja, au kwa kukanyaga mawe wakati wa kiangazi. Lakini siku hizi pikipiki imeingia katika kila kijiji. Ndiyo ichukuayo maziwa asubuhi, ndiyo impelekayo mgonjwa hospitali, na mwenye kuwa nayo hasafiri tena kwa kadiri ya miguu yake. Mwalimu aliyehamishwa, au mfanyabiashara wa viazi, au kijana anayempelekea mnunuzi pikipiki aliyomwuzia, kila mmoja aweza kujikuta siku moja ukingoni mwa Ziwa Victoria akiitazama feri, na asiwe na mtu wa kumweleza jinsi chombo hicho kichukuavyo mzigo.

Feri ya magari iliyo karibu na watu wetu ni ile ya Luanda K'Otieno. Msafiri huteremka kutoka Eldoret kwa njia ya Kapsabet hadi Kisumu, akashika barabara ya Bondo, na akifika Ndori hugeuka kushoto kuelekea ziwani. Hapo feri huvuka mlango wa Ghuba ya Winam mpaka Mbita, safari ya kama saa moja, na kwa saa hiyo moja msafiri huepuka kuizunguka ghuba yote kwa Ahero, Kendu Bay na Homa Bay. Asubuhi maji huwa yametulia mara nyingi. Alasiri upepo wa ziwani huzidi nguvu, na mawimbi ya mlango wa ghuba si ya kudharauliwa. Ajuaye jambo hili hujitahidi kuvuka mapema.

Kwanza yafaa ifahamike ni kitu gani kiangushacho pikipiki katika chombo. Watu wengi hudhani ni wimbi kubwa. Wimbi kubwa laweza kuiangusha, ni kweli, lakini pikipiki nyingi huanguka kwa sababu ya mitikiso midogo inayorudi mara mia. Feri huinuka kichwa na kushuka, hulala upande huu na upande ule, na mwisho hugonga gati. Kila mara uzito wa pikipiki, ambao ni zaidi ya kilo 100 hata kwa zile ndogo za bodaboda, hutafuta njia ya kwenda. Tena pikipiki ina springi. Chombo kikiinuka, springi hubonyea. Kikishuka, springi hunyooka. Ukiifunga kamba wakati springi imenyooka, kamba hukaza sasa na kulegea baadaye, na katika dakika ile ya kulegea ndoano hutoka mahali pake. Baada ya hapo hakuna kilichofungwa.

Basi kanuni ya kazi hii ni moja: springi zibonyezwe kwanza, kamba zikazwe zikiwa zimebonyea, ndipo springi zenyewe zitakapozivuta kamba wakati wote wa safari. Mambo mengine yote yafuata hapo.

Tuanze na stendi, maana ndiyo iaminiwayo kupita kiasi. Stendi kubwa ya katikati husimamisha pikipiki vizuri juu ya saruji, lakini huiinua tairi ya nyuma kutoka chini, kwa hiyo gia haina tena la kushika. Chombo kikisukumwa, pikipiki husonga mbele, stendi hujikunja, na mzigo wote huanguka ubavuni. Stendi ndogo ya upande ni afadhali kidogo, lakini yazuia upande mmoja tu. Feri ikilala upande wa pili, pikipiki hunyanyuka na kupinduka. Kwa hiyo stendi ni kitu cha kuisaidia kamba, wala si kitu cha kushika mahali pake.

Tena kuna ile mipira iliyokatwa katika tyubu za magurudumu. Hapana nyumba ya Moiben yenye pikipiki isiyokuwa na mipira hiyo. Hufungia madebe ya maziwa, magunia ya mahindi, mbao, hata kondoo, nayo hufanya kazi hiyo vizuri sana, kwa sababu hunyumbuka pamoja na mzigo katika barabara mbovu. Lakini uzuri wake juu ya keria ndio ubaya wake katika feri. Mpira huikubalia pikipiki kulala kidogo, kisha kidogo tena, na pikipiki iliyokwisha kulala ina nguvu nyingi kuliko mpira. Tusingetaka kumwona mtu akifungia chombo cha riziki yake kwa kitu kinachokubali kila kinachoambiwa.

Vitu vinavyofaa ni mikanda ya nailoni yenye chuma cha kukazia, kama ile ifungayo shehena katika malori. Minne yatosha, nayo hupatikana katika maduka ya vifaa vya magari mjini Eldoret. Asiyeweza kuinunua na atumie kamba nzuri ya nailoni. Kamba ya katani si mbaya, lakini ina tabia yake: ikilowa hujikaza, ikikauka hulegea, na katika feri hulowa na kukauka bila ya kuomba ruhusa. Mwenye kuitumia hana budi kuitazama mara kwa mara.

Sasa kazi yenyewe. Mwombe baharia akuonyeshe mahali pa kusimamisha pikipiki, na pete au ndoano za chuma zilizochomelewa katika sitaha. Usichague mahali wewe mwenyewe. Yeye ndiye ajuaye gari gani litaingia nyuma yako, na mahali gani watu watapita. Ielekeze pikipiki kwa urefu wa chombo, isikae kukingama, na kama inawezekana tairi ya mbele iguse ukuta wa chuma au kipande cha mti kilichozuiwa kisiteleze. Zima injini, tia gia ya kwanza, funga koki ya petroli, na ufunguo uwe mfukoni mwako. Koki husahauliwa sana. Pikipiki ikianguka koki ikiwa wazi, petroli humwagika sitahani kati ya watu, na penye watu wengi hakosekani mwenye kuwasha sigara.

Kisha mtu mmoja akae juu ya pikipiki, auelemee usukani kwa uzito wake wote, na springi za mbele zibonyee kama nusu ya mwendo wake. Zisibonyezwe mpaka mwisho, maana sili za mafuta zaweza kupasuka, na utaifika Mbita na mafuta yakitiririka juu ya breki. Mtu wa pili afunge mkanda mmoja kulia na mwingine kushoto. Mahali pa kufungia ni kile chuma kipana chini ya taa kinachounganisha miguu miwili ya mbele. Miisho ya usukani haifai, kwa sababu usukani hugeuka. Vioo, taa za ishara na ekzosi havifai kabisa. Mkanda ushuke ukienda nje na mbele kidogo, kama kamba za hema zinavyotoka juu ya nguzo. Mkanda ushukao wima huzuia pikipiki isiruke, lakini hauizuii isilale. Kaza upande huu kidogo, na upande ule kidogo, mpaka pikipiki isimame wima yenyewe. Hapo stendi yaweza kukunjwa, na utashangaa kuona kwamba haihitajiki.

Mikanda ya nyuma hufungwa katika fremu, karibu na vikanyagio vya abiria, nayo huelekea nje na nyuma kidogo. Kazi yake kubwa ni kuizuia tairi ya nyuma isiruke kwenda kando. Mahali ambapo mkanda wagusa rangi au tangi, weka kitambaa kinene.

Mwenye kamba tu asihuzunike; madereva wa malori wana fundo lao, nalo ni rahisi. Funga ncha moja katika pikipiki. Katikati ya kamba fanya kitanzi. Ncha ya pili ipite katika pete ya sitaha, irudi juu, ipenye katika kitanzi, kisha ivute kwenda chini. Nguvu ya mkono mmoja huongezeka kana kwamba mtu wa pili anasaidia. Bana mahali hapo kwa kidole, funga mafundo mawili, na kamba iliyobaki uizungushe isimkwaze mtu.

Na ile mipira ya tyubu isitupwe. Chukua kipande kimoja, uvute mkono wa breki ya mbele mpaka ushike, na uuzungushie mpira pamoja na usukani mara nne au tano. Sasa tairi ya mbele imeshikwa na breki, ya nyuma imeshikwa na gia. Kwa kazi hii mpira hauna mshindani.

Hayo yote huanza kabla ya kupanda. Madebe, magunia na abiria washushwe pwani. Daraja la feri ni la chuma, nalo huwa na maji, matope na mafuta ya magari. Afadhali pikipiki isukumwe na watu wawili. Mwenye kupanda akiiendesha na aende moja kwa moja, pole pole, asikamate breki ya mbele kwa ghafula wala asivute mafuta katikati ya daraja. Mtu akiwa na debe la maziwa nyuma, uzito huwa juu, na kuteleza kidogo tu kwatosha.

Safari za Dar es Salaam kwenda Unguja na Pemba ni ndefu kuliko hii, na huko mikanda yapaswa kutazamwa tena baada ya nusu saa ya kwanza. Safari ya Likoni, Mombasa, ni fupi mno, dakika chache tu za kuuvuka mlango wa bandari, na hapo hakuna mwenye pikipiki afungaye kamba. Katika safari fupi namna hiyo mwenye pikipiki asimame nayo, injini imezimwa, gia imetiwa, mkono wake juu ya breki ya mbele mpaka feri imekwisha kugusa upande wa pili. Asiende ukingoni kutazama meli.

Ufupi wa safari si amana. Tarehe 29 Septemba 2019 gari dogo liliteleza kinyumenyume kutoka katika feri ya MV Harambee ilipokuwa ikivuka Likoni, likatumbukia. Mama na binti yake mdogo walikuwa ndani. Wapiga mbizi walitafuta kwa karibu wiki mbili kabla ya gari hilo kutolewa katika kina cha maji. Hakukuwa na dhoruba siku ile. Kitu chenye magurudumu, juu ya sitaha yenye mteremko, hakihitaji dhoruba.

Neno jingine ni juu ya uzito. Pikipiki iliyofungwa vizuri haiisaidii feri iliyojaa kupita kiasi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania wa ziwa hili hili letu. Kilikuwa kimeruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Kwa hiyo baharia akisema kwamba nafasi imekwisha, usimshawishi kwa fedha wala kwa maneno. Ukiwa umekwisha kupanda na ukaona watu wangali wakiingia hata njia za kupita zimezibwa, una haki ya kushuka pamoja na pikipiki yako, na nauli iliyopotea ni kidogo. Uliza pia maboya ya kujiokolea yako wapi, na usifungie pikipiki mbele ya mahali hapo.

Sasa yabaki kufika. Feri ikikaribia gati la Mbita watu husimama wote pamoja, injini huanza kuwashwa, na kila mtu hutaka kuwa wa kwanza kushuka. Huu ndio wakati wa hatari kuliko wote wa safari, kwa kuwa feri ikigusa gati husukumwa nyuma kwa nguvu kuliko wimbi lolote la njiani. Mwenye kufungua kamba zake meta mia kabla ya gati amefanya kazi ya bure kutoka Luanda K'Otieno. Ngoja chombo kifungwe na daraja literemshwe. Ndipo uondoe mikanda ya nyuma kwanza, kisha ukae juu ya pikipiki na kuishika wima kabla mwenzako hajalegeza ile ya mbele. Maana springi zikiachiliwa hunyanyua usukani ghafula, na mtu aliyesimama kando aweza kuangushwa.

Toa mpira katika breki, fungua koki ya petroli, jaribu breki mara mbili pwani kabla ya kupakia mzigo. Kamba zilizolowa zianikwe jioni hiyo hiyo, zisikunjwe zikiwa na maji, kwa kuwa utazihitaji siku ya kurudi.