Basi Katika Kona

Funga gunzi la hindi kwenye ncha ya uzi imara. Nenda uwanjani, mbali na wenzako, ulizungushe juu ya kichwa chako. Utahisi uzi ukiuvuta mkono wako. Sasa uachie uzi. Gunzi haliendelei kuzunguka. Hukimbia moja kwa moja kule lilikokuwa likielekea ulipoliachia. Kumbe uzi ndio uliokuwa ukiupinda mwendo wake.

Basi likatalo kona za Mlima Kitonga, katika barabara iendayo Iringa, hufanana na gunzi hilo, ila halina uzi. Kinacholivuta kuelekea katikati ya kona ni msuguano wa matairi na lami. Abiria hulalia upande wa nje, nao husema wametupwa. Hakuna aliyewatupa: miili yao ilikuwa ikienda moja kwa moja, na basi limepinda.

Kitu kinachozunguka kina momenta ya mzunguko. Ili kuipata, zidisha tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo katika kitu hicho, kwa mwendo wake, kisha kwa nusu kipenyo cha duara. Tuseme basi lina tungamo la kilo 10,000, linakwenda mita 10 kwa sekunde (kilomita 36 kwa saa), na nusu kipenyo cha kona ni mita 50.

10,000 × 10 × 50 = 5,000,000

Dereva akienda mita 20 kwa sekunde, momenta ya mzunguko huwa 10,000,000, yaani mara mbili. Je, kani ya kulipinda basi nayo huongezeka mara mbili? Sivyo. Kani hiyo hupatikana kwa kuzidisha momenta ya mzunguko kwa mwendo, kisha kugawanya kwa nusu kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe.

5,000,000 × 10 ÷ 2,500 = nyutoni 20,000
10,000,000 × 20 ÷ 2,500 = nyutoni 80,000

Imeongezeka mara nne! Kwenye lami kavu iliyo tambarare, matairi mazuri ya basi hili huweza kutoa nyutoni 70,000 hivi. Mvua ikinyesha, hupungua sana. Kwa hiyo basi litaiacha kona kama gunzi lilivyouacha mkono wako. Basi lenye mizigo mingi juu ya paa huweza kupinduka hata kabla ya kuteleza.

Zoezi
Siku ya mvua, matairi ya basi hilo yanaweza kutoa nyutoni 25,000 tu katika kona ile ile. Dereva anakwenda mita 12 kwa sekunde. Tafuta momenta ya mzunguko, kisha kani inayotakiwa. Je, abiria wako salama?